Hakuna Anayetusimamia

Biryogo, Kigali
Machi 1993, baada ya Idi

Hamza,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, maana nakusikia. Uko nyuma ya ukuta huu, unapaka viatu rangi na kupiga mluzi, na kila baada ya muda mama yako anapita mlangoni kwako. Ni alasiri. Lori la jeshi litakuja kesho asubuhi. Naandika kwa sababu kila tulipojaribu kulizungumza jambo hili wiki hizi mbili tumeishia kupigiana kelele, na mimi kelele hunipotezea maneno. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Ya sabuni, blanketi na kuswali kwa wakati mama yako ameshayasema, na yaliyobaki utaambiwa kambini kwa sauti kubwa zaidi. Sina la kuongeza huko. Nataka tu uijue hasira yangu ilivyo kabla hujaondoka, ili usije ukawaeleza watu kwamba baba yako alikuwa na huzuni. Huzuni anayo mama yako. Mimi nina hasira.

Siku uliporudi kutoka kwa Faustini, huyu mkuu wa seli yetu ya mtaa, ukatuambia umejiandikisha jeshini, nilikuuliza kwa nini. Uliniuliza wewe: "Baba, mwaka wa tatu huu unaandika vita. Umesimamisha nini?" Nikatoka nje uani. Mama yako alidhani nimeumia. Nilikuwa nimenaswa tu, kama mimi nilivyowahi kuwanasa wakubwa kwa swali fupi wasilolitegemea. Jibu fupi ni kwamba sijasimamisha chochote. Jibu refu ni hili unalolisoma.

Vita ilipoanza nilifanya kama waandishi wenzangu wote. Tuliitwa asubuhi, tukasomewa, tukanakili. Tuliambiwa jeshi "limesafisha" eneo fulani, nami nikaandika limesafisha. Baadaye nikaenda mwenyewe upande wa Byumba, nikaona kilichosafishwa: nyumba zisizo na mabati, mbuzi walioungua zizini, sufuria imeachwa juu ya mafiga na uji umekauka ndani. Nikarudi Kigali, nikakaa kwenye mashine ya kuchapa, nikaandika tena "limesafisha", kwa kuwa ndilo neno lililokuwa kwenye taarifa na nilikuwa nimechoka. Sikutishwa na mtu. Hakuna aliyesimama nyuma yangu na bunduki. Huo ulikuwa uvivu, na uvivu wa mtu kama mimi unaua vizuri tu kama risasi ya mtu mwingine.

Mama Shakila ndiye aliyenifundisha kusikiliza vitenzi. Wewe unamjua kama jirani anayekukemea ukipita bila salamu. Ulikuwa bado shuleni Gitarama siku ninayotaka kukusimulia, na tangu urudi hakuna aliyekueleza vizuri, kwa sababu watu hapa wamejifunza kunyamaza. Ilikuwa Jumamosi, mwaka jana. Tumemaliza umuganda, ile kazi ya lazima ya mtaa, tumezibua mtaro mpaka karibu na uwanja wa mpira, majembe yako chini, na kama kawaida hakuna ruhusa ya kwenda nyumbani mpaka responsabule wa seli aseme maneno yake. Faustini akapanda juu ya jiwe. Akawashukuru kina mama wa seli yetu waliotoa vijana wao kwa ajili ya nchi. Yusufu, mtoto wa Mama Shakila, alikuwa amekufa huko mbele majuma machache kabla. Walimletea habari, maiti hawakuleta.

Mama Shakila alikuwa amekalia karai alilolipindua. Akasema, bila kuinuka, "Mimi sikutoa."

Faustini alidhani anazungumzia mchango wa seli. Akamwambia asijali, ya michango yatakuja baadaye, leo ni shukrani tu. Watu wakacheka kidogo. Yule mama akangoja wamalize.

"Sikutoa mutoto," akasema. "Mulimuchukua. Kutoa ni kitu ingine."

Nilikuwepo, nikiwa na kalamu mfukoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika "kina mama waliotoa vijana wao" kwa karibu miaka miwili, na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba hicho ni kitenzi cha uongo.

Baada ya siku ile mambo yalianza, na sitakuambia yalianzishwa na nani, si kwa kuficha. Hakuna aliyeitisha mkutano. Najua, kwa sababu nilimtafuta sana aliyeuitisha. Wanawake walikuwa wakikutana bombani kama siku zote, kila mmoja na jerikani yake, na pale foleni ikiwa ndefu watu huzungumza. Siku Faustini aliposhuka na vijana wake wawili wenye kofia za chama kuja kumchukua Abdu wa fundi saa, alikuta mlango wa nyumba ile umezibwa na wanawake waliokaa chini wakiambua maharage. Mama Shakila alikuwa mmoja wao. Mama yako alikuwa mmoja wao. Yeye aliniambia anakwenda sokoni.

Faustini akasema anamtafuta Abdu. Wakamuuliza Abdu gani. Abdu wa humu ndani, akasema.

"Humu ndani iko maharage," Mama Shakila akajibu. "Unataka maharage?"

"Mama, musinichezee. Nani amewatuma?"

"Twese," wakasema. Sisi sote.

"Nauliza mukubwa. Nani anawasimamia?"

Mwanamke mmoja akasogea kidogo, akampapasia nafasi pembeni yake. "Kaa chini uambue, muzee. Hizo mikono iko bure."

Abdu alikuwa chini ya kitanda, anacheka mpaka mbao zinalia. Faustini aliondoka. Alirudi mara nyingine kwa nyumba nyingine, akakuta wanawake wengine wanasuka ukili, na mara nyingine wanachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Hawakumtukana hata mara moja. Hawakumgusa. Walikaa tu, na vijana wake wenye kofia hawakuwa wameambiwa wafanye nini na wanawake waliokaa. Na ujue hili, kwa sababu watu wamelipotosha: hawakumzuia kijana hata mmoja. Aliyetaka kwenda mwenyewe alipita, nao wakasogeza miguu. Mama Shakila aliniambia anayetaka vita miguu anayo. Wao wanamzuia anayekuja kuchukua.

Habari zikatembea. Ndipo wageni wakaanza kuja, na hapa ndipo hasira yangu inapokuwa na sura nyingi, maana hawakuja kutoka upande mmoja.

Alikuja bwana wa chama kipya, mmoja wa hivi vilivyofunguliwa juzi, mwenye koti na mkoba. Alisema wao ndio wanaopinga vita kwa dhati, na kwamba kina mama wakikaa mlangoni safari nyingine wavae kofia za chama chake, alikuwa amekuja nazo kwenye boksi. Akauliza nani anawasimamia ili amkabidhi. Wakamwambia maji yanakatika mapema siku hizi, aje kesho. Kesho yake boksi lilikuwa palepale, na kofia moja imevalishwa jerikani.

Alikuja pia bibi mmoja wa shirika la amani, gari refu, Kifaransa kizuri, mtu mwenye nia njema. Alitaka kuwasaidia. Lakini ili wasaidiwe alihitaji rais, makamu, mtunza hazina na muhuri. Wanawake walisogea pembeni wakazungumza kwa uzito mkubwa, nami nikiwa karibu nikidhani sasa wamekubali. Mama Shakila akarudi akamwambia aandike.

"Rais ni bomba. Makamu ni jerikani. Mutunza hazina ni ile tundu ya jerikani, pesa yote inapita."

Bibi yule alikuwa ameshaandika "bomba" kabla hajaelewa. Alicheka, kwa heshima yake, akaondoka. Hakurudi.

Wa mwisho kuuliza nilikuwa mimi.

Nilitaka kuandika habari yao. Niliamini, na bado naamini, kwamba ilikuwa habari kubwa kuliko zote nilizoziona katika vita hii: watu wasio na silaha, wasio na chama, wasio na mkubwa, wanafanya kile ambacho majeshi mawili na mabalozi wote wameshindwa. Nikaenda bombani kama mwandishi, si kama Baba Hamza. Nikauliza nani anawasimamia. Mama Shakila alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshiba anayeomba chakula.

"Hakuna anayetusimamia," akasema. "Tunasimama tu. Andika hivyo, Baba Hamza."

Nikaandika hivyo. Mhariri akairudisha. Alisema habari isiyo na mtu mwenye cheo ni uvumi, na gazeti letu lina ukurasa mmoja tu wa Kiswahili, hawezi kuujaza uvumi. Ungeniona nilivyobishana naye ungejivunia. Kisha nikakaa kitini nikaandika jina kamili la Mama Shakila, na mbele yake: anayewasimamia kina mama wa Biryogo. Yeye alikuwa amesema kusimama. Mimi nikaandika kusimamia. Niliongeza herufi moja.

Askari waliomjia na kumpeleka kituoni walikuwa na gazeti mkononi. Walimwambia yeye ndiye msimamizi, basi awataje anaowasimamia. Hakuwa na mtu wa kumtaja, kwa sababu hapakuwa na kitu cha namna hiyo, lakini waliomhoji hawakuweza kuliamini jambo hilo, kama mhariri wangu asivyoweza, kama yule wa kofia, kama bibi wa shirika. Mtu aliyezoea ngazi akiona watu wamesimama juu, huitafuta ngazi. Alipochoka kuulizwa akawatajia. Aliwatajia mke wa Faustini. Aliwatajia wake wa askari wa kituo kile kile, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao, kwa kuwa wote huteka maji kwenye bomba letu. Kwa mzaha huo walimpiga nyayo. Alitoka akiwa hai. Ndiyo maana unamwona anatembea kwa kukanyagia ukingo wa mguu, na wewe umekuwa ukidhani ni baridi yabisi.

Nilikwenda kumwona. Sikupeleka maneno mazuri, sina. Alikuwa amelaza miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, Shakila anamkanda. Aliniambia, bila hasira yoyote, na ningependa angekuwa nayo: "Ulitafuta kichwa, Baba Hamza. Na wao walikuwa wanakitafuta. Umewasaidia."

Sikusimulii haya ili unihurumie wala ili unisamehe. Siombi kwako msamaha wa jambo nililomfanyia mwanamke mwingine. Nakusimulia kwa sababu kesho unaingia mahali ambapo kila mtu anamsimamia mwenzake, mpaka juu kabisa, na ukifika juu kabisa unakuta mtu anayesema amesimamiwa na wananchi. Mimi niliishi nje ya mahali hapo nikidhani niko huru, na bado mkono wangu uliandika kama wao. Hakuna aliyeniamuru. Fikiri wewe utakayeamriwa.

Baada ya gazeti lile milango ilibaki mitupu. Hofu ilifanya kazi yake. Faustini alishuka na vijana wake, na safari hii hakukuta maharage. Waliochukuliwa miezi ile unawajua wote. Shabani, rafiki yako wa kucheza naye mpira, alikuwa mmoja wao. Umemwona Idi hii amerudi likizo na buti na redio ya kaseti, ameketi barazani kwetu kama bwana harusi. Najua buti zile zimekuita. Ulipokwenda dukani kumletea soda, Shabani aliniuliza kwa sauti ya chini kama namjua mtu yeyote Bujumbura, ng'ambo ya mpaka. Nikamuuliza wa nini. Akasema, "Nauliza tu, muzee." Akaongeza sauti ya redio. Nakuambia hili nikijua ni siri ya mtu, na najua hutaitoa.

Lakini haikuwa buti peke yake. Nakujua. Lile lililokupeleka kwa Faustini ni neno alilokutupia pale Gisimenti mbele ya watu, siku mliyokwenda kutazama mpira kwenye baa ile yenye televisheni. Alisema: "Nyinyi Waswahili vita hii hamuijui. Nyinyi iko watu wa soko. Wenye nchi wanakufa, nyinyi munapima chumvi." Na wenzako wakacheka. Mama yako alilisikia kwa Shakila, nami nikalisikia kwa mama yako.

Babu yangu alikuja hapa kutoka Ujiji na mzigo wa chumvi kichwani, wa mtu mwingine. Akaoa hapa. Wamezikwa hapa yeye, mkewe na watoto wake wote isipokuwa mmoja. Maisha yangu yote nimeitwa Mswahili kwa namna ile, kama jina la mgonjwa, na wakati wa ukoloni babu zako hata kutoka nje ya mtaa huu walihitaji ruhusa. Kwa hiyo ninaelewa neno lile lilikuchoma wapi. Na nakuambia kwa hasira yote niliyo nayo: nchi inayotaka ufe kwanza ndipo ikuite mwananchi, haitakuita. Yusufu naye alikuwa Mswahili. Nenda kamuulize mama yake kama sasa anaitwa mwenye nchi. Wanamwita msimamizi.

Usidhani kwamba nakuambia haya kwa sababu naupenda upande wa pili. Nimefika kwao pia, mwaka jana, nikiwa na waandishi wengine. Tulivuka, tukapelekwa kilimani, tukamkuta kamanda kijana mwenye buti za mpira, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mhariri wangu. Alisema wanapigana ili kuleta amani. Miezi mitatu kabla ya hapo kanali wa huku aliniambia wanapigana ili kulinda amani. Wote wawili walikuwa na fimbo mkononi na wote wawili waliigonga ramani palepale, kwenye kijiji kimoja ambamo nimewahi kulala. Kijiji kile sasa hakina mtu. Wenyewe wako kambi ya wakimbizi ya Nyacyonga, chini ya plastiki, umewaona barabarani ulipokwenda kwa shangazi yako. Na huko Arusha, kwenye mazungumzo ya amani, wamekaa mabwana wa pande zote, wanabishana nani achukue wizara gani na nani awe na askari wangapi. Wanagawana vyumba vya nyumba inayoungua, na waliomo ndani hawakualikwa. Ukiniuliza niko upande gani, mimi niko upande wa wale waliokuwa wanaambua maharage, na nimewasaliti mara moja.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Wiki hizi mbili nimefikiria njia nyingi za kukuzuia. Nilifikiria kukuficha kitambulisho. Nilifikiria kumtumia habari mjomba wako wa Kigoma aje akuchukue kwa hila, tuseme nyanya yako anaumwa. Siku moja nilinunua kufuli. Iko kwenye mfuko wa koti langu la kijivu, nenda ukaione. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwako nayo, wewe umelala mchana, nikaona jinsi ninavyofanana na Faustini. Yeye anakuchukua kwa sababu anajua nchi inataka nini. Mimi nakufungia kwa sababu najua amani inataka nini. Wote wawili tumekusimamia. Nilirudi sebuleni nikakaa.

Kwa hiyo sikukatazi. Usilichukulie neno hili kama upole. Nimelifikia nikiwa nimeuma meno, na mama yako hajanisamehe kwalo. Kijana wa miaka kumi na tisa akienda kuua watu kwa kukatazwa kukataa, hilo ni kosa lao. Akibaki nyumbani kwa kufungiwa, atakwenda siku ufunguo ukipotea. Unaijua vita kiasi cha kutosha sasa, kwa sababu nimekuambia niliyoyaona bila kupunguza. Uamuzi ni wako, na nakuchukia kidogo kwa kunilazimisha kuusema ukweli huo.

Ila nina habari moja ya kukupa, na habari ndiyo kazi yangu.

Kina mama wamerudi. Hawakuniambia mimi, na walikuwa na haki. Nililiona juma lililopita nilipokwenda bombani mwenyewe kuchota maji, mama yako akiwa na homa. Mazungumzo yakakatika nilipofika. Mama yako ndiye aliyenieleza baadaye, na akanieleza kwa sababu yumo. Katika majina ambayo Faustini amewapa wenye lori, si wote waliojiandikisha kwa hiari kama wewe. Wapo walioandikwa wakiwa wamelala. Wapo ambao baba zao wamelipwa pombe. Safari hii wanawake hawatakaa milangoni, kwa sababu hawajui ni mlango upi utafikiwa kwanza. Watakaa barabarani, pale inapobana chini ya msikiti, ambapo lori haliwezi kupita pembeni wala kugeuza. Asubuhi. Hawatabeba bango. Hawana kofia.

Nilipojua, nilienda kwa Mama Shakila nikamuuliza kitu kimoja: naweza kumwambia Hamza? Nimejifunza kuuliza kabla ya kuandika. Ilinichukua mwaka mmoja na miguu yake. Alisema hilo si lake peke yake. Akaniacha barazani, akaenda bombani kwa mwendo wake ule, akakaa huko muda mrefu. Najua walibishana, kwa sababu mama yako alirudi macho mekundu na hakutaka kuniambia ni nani alisema nini. Wapo waliosema wewe ni wa Faustini sasa, utakwenda kumwambia, na watakamatwa usiku vitandani mwao. Ni hoja nzuri. Ningekuwa mimi ningeisema. Mwishowe Mama Shakila alikuja akasimama mlangoni.

"Mwambie," akasema. "Kama hatuwezi kuamini watoto, tunakaa kwa barabara ya nini?"

Kwa hiyo nimekuambia, na sasa wako mikononi mwako kuliko nilivyopenda. Nyumba ya Faustini iko hatua chache kutoka hapa. Hakuna atakayekufuata ukitoka. Nitauweka waraka huu juu ya begi lako, kisha nitakwenda kuswali.

Mimi nitakaa nao. Sijawahi kukaa chini mbele ya kitu chochote maishani mwangu, nimekuwa nikisimama pembeni na kuandika. Mama yako amenionya kwamba nitaumwa kiuno. Mama Shakila atakuwa wa kwanza kufika kwa sababu anatembea polepole. Sijui askari watafanya nini. Nimewaona wakifanya mambo ambayo sitayaandika hapa, na nimewaona pia wakikaa juu ya bodi ya lori wakila miwa, wakisubiri mtu mwingine aamue. Wale ni vijana kama wewe.

Lakini jambo moja nalijua kwa uzoefu. Sajenti wa lori mwenyewe hatagusa wanawake wazee mbele ya msikiti, wala hatawaambia askari wake wafanye hivyo ikiwa ana njia nyingine. Na njia nyingine atakuwa nayo: nyinyi. Mtakuwa mmesimama pale na mabegi yenu, wageni, mna hamu ya kupendeza. Atawaambia nyinyi mtuondoe. Hiyo ndiyo itakuwa amri yako ya kwanza jeshini, Hamza, kabla hujavishwa hata hizo nguo. Unaweza kuitii. Unaweza pia kutupita, tutasogeza miguu, ukatembea mpaka kambini kama mtu aliyechagua. Au unaweza kufanya jambo jingine ambalo mimi sina ruhusa ya kukutajia.

Kama utaitii, mama yako usimshike mabegani. Bega la kulia limekuwa likimuuma tangu mwaka jana na hakutaka uambiwe. Mshike kiunoni, na umwite mwenzako wa pili akusaidie, maana si mwepesi, na hatakusaidia kuinuka.

Baba yako